Feni inashtuka kisha kimya: uchambuzi wa kompyuta mpya iliyogoma kuwaka

Kompyuta hii iliunganishwa nyumbani, Dar es Salaam, kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja kadiri fedha ilivyopatikana. Prosesa (CPU) ni Ryzen 5 5600 na feni yake ya kiwandani. Mazabodi, ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote, ni ya ukubwa wa ATX, chipseti (chipu yake kuu) B450, mpya lakini ilikuwa imekaa rafuni siku nyingi. Ramu ni mbili za GB 8, DDR4 3200. SSD, hifadhi ya mafaili, ni ya M.2, GB 500. Kadi ya picha ni GTX 1660 Super ya mtumba. Pawa saplai ya wati 550 na kasha vyote ni vipya.

Dalili ilikuwa hii: ukibonyeza swichi ya mbele, feni zote zinashtuka, zinazunguka kama robo mzunguko, kisha kimya. Ukibonyeza mara ya pili hakuna kitu kabisa. Ukizima swichi ya nyuma ya pawa saplai, ukasubiri nusu dakika na kuiwasha, unapata ule mshtuko mmoja tena, halafu kimya kilekile.

Mwenye mashine alikuwa ameshaambiwa na watu wawili kwamba pawa saplai ni mbovu, na fedha ya kununua nyingine ilikuwa tayari mfukoni. Pawa saplai ilikuwa nzima. Kwa kweli hakuna kipuri hata kimoja kilichokuwa kibovu. Kulikuwa na makosa mawili, moja limejificha nyuma ya lingine, na ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kuandikwa kirefu. Anayeondoa kosa la kwanza akakuta mashine bado haiwaki huanza kuamini kwamba hajaondoa kitu, au kwamba ameharibu zaidi. Hapo ndipo watu hubadilisha vipuri ovyo mpaka fedha inaisha.

Kusoma dalili kabla ya kushika bisibisi

"Haiwaki" ni neno moja lenye maana nyingi, na kila maana ina njia yake. Kimya cha moja kwa moja, bila hata taa kwenye mazabodi, hukupeleka kwenye soketi ya ukutani, swichi ya nyuma ya pawa saplai, waya wa pini 24, au kile kiwaya chembamba cha swichi ya mbele kilichoandikwa PWR SW. Feni kuzunguka vizuri bila picha ni habari ya prosesa, ramu, kadi ya picha au kebo ya skrini. Kuwaka, kuzima na kuwaka tena kwenyewe kila baada ya sekunde chache mara nyingi ni ramu.

Mshtuko mmoja kisha kimya kinachodumu mpaka ukate umeme ni tabia ya pawa saplai inayojilinda. Imeona mkondo mkubwa kupita kiasi kwenye moja ya njia zake, kwa kawaida ile ya volti 12, ikajifunga. Imejifunga kwa makusudi, ili waya na mazabodi visiungue. Ukiielewa hivyo, swali linabadilika. Huulizi tena "pawa saplai imekufa?" Unauliza "imeona nini?"

Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao ulipuuzwa. Taa ndogo ya mazabodi ilikuwa inawaka muda wote, hata kabla ya kubonyeza swichi. Taa ile hula umeme wa akiba, volti 5 zinazokuja kwa waya wa zambarau hata mashine ikiwa imezimwa. Maana yake umeme wa ukutani unafika, pawa saplai ina uhai, na waya wa pini 24 umeingia walau kiasi cha kuleta volti hizo. Shida inaanza pale tu volti 12 zinapofunguliwa.

Onyo kwa wanaotumia pawa saplai za zamani: nyingine zina kiswichi chekundu nyuma chenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlio na kunusa harufu, na hakuna uchunguzi utakaosaidia baada ya hapo. Pawa saplai ya kisa hiki hujirekebisha yenyewe na haina kiswichi hicho.

Mambo ya dakika kumi

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, chomoa waya wa ukutani, bonyeza swichi ya mbele mara mbili tatu kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha kasha, kisha kagua plagi moja baada ya nyingine kwa mkono. Kutazama hakutoshi. Plagi ya pini 24 ni ngumu, na kwenye mazabodi mpya mara nyingi huonekana imeingia huku upande mmoja umebaki juu kwa milimita mbili. Ikikaa sawasawa kilimi chake hunasa na unasikia mlio.

Plagi ya prosesa, juu kushoto kwenye mazabodi, ndiyo inayosahaulika kuliko zote kwa sababu imejificha pembeni na waya wake lazima upite nyuma ya kasha. Ni ya pini 8 iliyogawanyika 4 na 4. Kuna nyingine ya pini 8, ya kadi ya picha, iliyogawanyika 6 na 2. Zinafanana mbali, lakini mpangilio wa umeme wake ni tofauti: ya prosesa ina pini nne za volti 12 na nne za ardhi (volti sifuri, njia ya umeme kurudi), ya kadi ya picha ina tatu za volti 12 na tano za ardhi. Maumbo ya vijitundu yamewekwa ili zisiingiliane. Mtu akitumia nguvu zinaingia, na hiyo ni shoti ya moja kwa moja yenye dalili hiihii ya feni kushtuka. Kwa hiyo ilikaguliwa kwanza. Ilikuwa sahihi.

Kwa pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa, usitumie nyaya za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia. Upande wa mazabodi umewekewa kanuni moja, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake. SSD na diski nyingi zimeungua kwa kosa hili.

Plagi zote zilikuwa sawa, na dalili haikubadilika.

Kuipima pawa saplai, na mpaka wa kipimo hicho

Pawa saplai haifunguliwi. Ndani kuna kapasita zinazoweza kushika umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kinachopimwa ni kinachotoka kwenye plagi.

Chomoa plagi zake zote kwenye kompyuta. Kwenye plagi ya pini 24 tafuta pini ya 16, yenye waya wa kijani katika nyaya za rangi. Iunganishe na pini ya 15 au 17, zote za ardhi, kwa kipande cha waya au kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Fanya hivyo swichi ya nyuma ikiwa imezimwa, kisha washa. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, hesabu kwa kufuata mchoro, usibahatishe. Pawa saplai nyingine haziwashi feni yake bila mzigo, hivyo chomeka feni moja ya kasha kwa plagi ya moleksi, ile pana ya pini nne, ili uwe na kitu cha kuona.

Vipimo vilivyotoka hapa: njia ya volti 12 ilikuwa 12.1, ya volti 5 ilikuwa 5.02, ya volti 3.3 ilikuwa 3.31, na waya wa kijivu unaotangaza kwamba umeme umetulia ulikuwa karibu na volti 5. Kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, yaani 11.4 hadi 12.6 kwa volti 12, na 4.75 hadi 5.25 kwa volti 5. Vyote vilikuwa ndani.

Kipimo hiki hakithibitishi kwamba pawa saplai itabeba mzigo wa kadi ya picha. Kinathibitisha kwamba inawaka na inabaki imewaka ikiwa peke yake. Kwa dalili yetu hilo linatosha kusonga mbele. Ikibaki imewaka peke yake na kujifunga ikiunganishwa, kuna kitu huko kwenye kompyuta kinachoifanya ijifunge. Ile fedha ya pawa saplai nyingine ilirudi mfukoni.

Nje ya kasha

Hatua iliyofuata ni ile ambayo wengi huiogopa kwa sababu ya usumbufu: kutoa mazabodi ndani ya kasha na kuiwasha mezani. Inachukua nusu saa, na inajibu swali ambalo hakuna njia nyingine nyepesi ya kulijibu, kwamba shoti iko kwenye vipuri au iko kati ya vipuri na chuma cha kasha.

Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi. Usiiweke juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa iliokuja nao, kwa sababu baadhi ya mifuko hiyo hupitisha umeme juu ya uso wake. Acha prosesa na feni yake mahali pake. Weka ramu moja tu, katika nafasi ya pili kutoka kwa prosesa. Weka kadi ya picha, kwa kuwa Ryzen 5 5600 haina picha ndani yake. Mlango wa HDMI ulio kwenye mazabodi hautatoa chochote kwa prosesa hii, na watu wamekesha siku mbili wakitafuta kosa huku kebo imechomekwa hapo. SSD, feni za kasha, nyaya za mbele na USB zote zikae pembeni.

Swichi haipo sasa, hivyo unagusanisha pini mbili za PWR SW kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Kitabu cha mazabodi kinaonyesha ni zipi. Ni pini za kutoa ishara tu, hazina hatari kwako.

Ikawaka. Feni ya prosesa ilizunguka na kuendelea kuzunguka. Picha haikuja, na taa nyekundu yenye maandishi CPU ilibaki inawaka pembeni mwa mazabodi, lakini hilo liliwekwa kando kwanza. Kosa moja limalizwe ndipo lingine lishikwe. Swali la kwanza lilikuwa limejibiwa: shoti ilikuwa kati ya mazabodi na kasha.

Miguu kumi na miwili

Mazabodi haikai moja kwa moja juu ya bati la kasha. Inakaa juu ya miguu midogo ya shaba ya pembe sita, ambayo huinua ubao ili vidoto vya risasi vilivyo mgongoni mwake visiguse chuma. Mazabodi ya ATX ina ukubwa wa milimita 305 kwa 244 na kwa kawaida matundu 9 ya skrubu. Ile fupi, mATX, ni 244 kwa 244. Matundu sita yako mahali pamoja kwa zote mbili. Yanayotofautiana ni matatu ya mstari wa chini: ya mATX yako juu zaidi, mahali ambapo mazabodi ya ATX haina tundu lolote.

Kasha lilitoka dukani likiwa na miguu 9 iliyofungwa kwa mpangilio wa mATX. Mwenye mashine aliona kwamba matundu matatu ya chini ya mazabodi yake hayana mguu, akaongeza mitatu kutoka kwenye kifuko cha skrubu. Hilo lilikuwa sahihi. Ile mitatu ya mstari wa mATX hakuitoa. Miguu ikawa 12 na matundu 9.

Mguu mmoja kati ya ile mitatu, wa upande wa kulia, ulikuja chini kabisa ya soketi ya feni ya kasha. Soketi hiyo ina pini nne zinazotoboa ubao na kuchomoza mgongoni kama milimita moja na nusu: ya kwanza ardhi, ya pili volti 12, ya tatu ya kusoma mwendo wa feni, ya nne ya kuamuru mwendo. Ukigeuza mazabodi na kuimulika kwa tochi ya simu, kidoto cha pini ya pili kilikuwa kimebonyea na kung'aa, tofauti na wenzake wenye rangi ya kijivu iliyofifia. Kwenye mdomo wa mguu wa shaba kulikuwa na mkwaruzo mfupi wa rangi ya fedha. Kasha ni ardhi. Volti 12 zilikuwa zinamwagika moja kwa moja kwenye bati.

Kulikuwa na ishara hata wakati wa kufunga. Mazabodi haikulala sawa kona ile, na skrubu ya karibu ilitaka kusukumwa chini kabla ya kushika uzi. Mazabodi iliyokaa vizuri hulala yenyewe juu ya miguu yote, na skrubu zote huanza kwa vidole. Ukikuta unaisukuma ikunje, simama hapo hapo, kuna kitu chini yake.

Ukiwa na multimita unaweza kuthibitisha bila kuwasha chochote. Plagi ya pini 24 ikiwa imechomolewa, weka multimita kwenye alama ya kengele, ncha moja kwenye chuma cha kasha, nyingine ndani ya soketi ya mazabodi kwenye pini ya 10 au 11, ambazo ni za volti 12. Mazabodi ikiwa imefungwa ndani ya kasha, kengele ililia mfululizo. Skrubu zilipolegezwa na kona ile kuinuliwa kwa kidole, kengele ilinyamaza. Mezani, kwa kipimo cha omu, namba ilipanda polepole kadiri kapasita zilivyojaa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kingine cha kuangalia mahali hapohapo ni bati la milango ya nyuma, lile lenye matundu ya USB na mtandao. Lina vilimi vidogo vya chuma. Kimoja kikijikunja na kuingia ndani ya mlango wa USB badala ya kukaa juu yake, unapata shoti nyingine. Hapa vilikuwa sawa.

Miguu mitatu ya mATX ilitolewa. Kosa la kwanza likaisha.

Taa ya CPU

Mazabodi nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo zenye majina CPU, DRAM (ramu), VGA (kadi ya picha) na BOOT (kuwasha mfumo). Mashine inapoamka hupita hatua hizo kwa mpangilio huo, na taa inayobaki inawaka ndiyo hatua iliyokwama. Zisizo na taa huenda zikawa na pini za spika. Kispika kidogo cha bei rahisi kikichomekwa hapo hutoa milio, na maana ya kila mlio imeandikwa kwenye kitabu chake.

Taa ya CPU haisemi kwamba prosesa imekufa. Prosesa mpya kufa ni jambo la nadra sana ukilinganisha na sababu nyingine tatu: plagi ya prosesa ya pini 8 haijaingia vizuri, pini zimepinda, au BIOS, programu ya mazabodi inayoiamsha mashine, haiijui prosesa hiyo. Plagi ilikuwa imeshakaguliwa. Kati ya mbili zilizobaki, moja inajulikana kwa kusoma kibandiko na nyingine inadai kung'oa prosesa. Soma kwanza.

Tunasisitiza hili kwa sababu ya jinsi soketi ya AM4, mahali prosesa hii inapokaa, ilivyo. Prosesa zake zina pini 1,331 chini yake, nyembamba na laini. Pesti ya joto hushika kama gundi, na ukivuta feni moja kwa moja juu, prosesa hung'oka pamoja nayo hata kilango cha soketi kikiwa kimefungwa. Pini zikipinda wakati huo, umetengeneza kosa la tatu kwa mkono wako. Ikibidi kweli kuitoa, iache mashine iwake dakika kadhaa ipate joto, zima na uchomoe, legeza skrubu nne za feni kwa mshazari, kisha izungushe feni kushoto na kulia taratibu mpaka ujisikie imeachia. Ndipo uinue.

Kibandiko cha toleo la BIOS kilikuwa kwenye boksi. Lilikuwa toleo la zamani, na orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi ilionyesha kwamba Ryzen 5 5600 inakubaliwa kuanzia toleo la mbele zaidi. Sababu yake iko kwenye tarehe. Chipseti ya B450 ilitoka 2018, Ryzen 5 5600 ilitoka Aprili 2022. AMD waliendelea na soketi ileile ya AM4 miaka yote hiyo, jambo jema kwa mfuko wa mnunuzi, lakini maana yake ufunguo unaingia kwenye kitasa na haugeuki. Mazabodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa na kukaa rafuni bado ina programu isiyoijua. Muuzaji akikuambia "inaingia", amekuambia habari za soketi tu. Uliza toleo la BIOS kabla ya kulipa.

Kuandika BIOS bila picha

Mazabodi hii ina kitufe nyuma cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi, kazi inayofanyika bila kuhitaji prosesa wala ramu. Si kila B450 inacho. Ambayo haina, njia ni kuazima kwa saa moja prosesa ya Ryzen ya kizazi cha 2000 au 3000 inayokubaliwa na toleo lililopo, au kumwomba muuzaji afanye kazi hiyo kabla hujaondoka dukani.

Flashi iwe ndogo, GB 8 au 16, iliyoandaliwa (format) kwa mfumo wa mafaili wa FAT32. Flashi kubwa za GB 64 na zaidi kwa kawaida huja na exFAT, na kitufe hiki hakiisomi. Faili hupakuliwa kwa jina kamili la mazabodi pamoja na herufi zake za mwisho. MAX na isiyo MAX ni mazabodi mbili tofauti. Lifungue kutoka kwenye zip, chukua faili lenyewe, na ulipe jina linalotakiwa na mtengenezaji wako. MSI hutaka MSI.ROM, Gigabyte hutaka GIGABYTE.bin, ASUS hukupa kiprogramu cha kubadilisha jina. Katika Windows ruhusu mikia ya majina ya mafaili (kama .ROM au .bin) ionekane kwanza, la sivyo unaweza kuacha jina lenye mkia wa ziada bila kujua. Soma pia maelezo ya toleo: baadhi ya mazabodi hudai upitie toleo la kati kwanza, na baadhi ya matoleo mapya huondoa prosesa za zamani kwenye orodha ili kupata nafasi kwenye chipu.

Flashi iingie kwenye mlango wa USB uliowekewa alama, si mlango wowote. Pini 24 na pini 8 za prosesa ziwe zimechomekwa, swichi ya pawa saplai imewashwa, mashine yenyewe haijawashwa. Bonyeza kitufe na usubiri. Taa ya pembeni ikimeta mara chache tu kisha kuacha kumeta, mara nyingi faili halikusomeka, na kosa liko kwenye jina, FAT32 au mlango. Ikiendelea kumeta dakika kadhaa, kazi inafanyika. Hapa ilichukua kama dakika sita.

Umeme ukikatika katikati, chipu hubaki nusu imeandikwa. Kwenye mazabodi yenye kitufe hiki kwa kawaida unaweza kurudia. Isiyo nacho inaweza kuhitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu. Kama mtaani kwenu umeme unakatikakatika, tumia UPS hata ya kuazima, na hakikisha luku ina uniti za kutosha. Usianze kazi hii mvua ya radi ikiwa inakaribia.

Picha ya kwanza

Baada ya kuandika BIOS, mashine iliwashwa na ramu ileile moja. Taa ya CPU ilizimika, ikawaka ya DRAM na kukaa. Sekunde ishirini, arobaini. Feni ikasimama na kuanza tena yenyewe. Hapa ndipo mtu hukata umeme kwa hofu, na asingepaswa. Mashine inapokutana na ramu kwa mara ya kwanza hujaribu mipangilio mmoja baada ya mwingine mpaka upatikane unaoshika, na ipe walau dakika tatu kabla ya kuamua imekwama. Ikifika hapo, ing'oe ramu na kuiingiza upya mpaka kilimi kinase. Ramu mpya hudai nguvu kuliko watu wanavyotarajia, na kwenye mazabodi zenye kilimi upande mmoja tu, ule upande usio na kilimi ndio unaobaki juu.

Picha ilikuja baada ya dakika moja na kitu. Skrini ya BIOS ilionyesha jina la prosesa, GB 8 za ramu, na joto la nyuzi 41. Kisha kila kipuri kiliongezwa peke yake, na mashine kuwashwa baada ya kila kimoja: ramu ya pili kwenye nafasi ya nne, halafu SSD. GB 16 zikaonekana, SSD ikaonekana. Taa ya BOOT ilibaki inawaka, na hiyo haikuwa kosa. SSD ilikuwa tupu, hakukuwa na mfumo wa kuwasha.

Kurudi ndani ya kasha: miguu 9, skrubu 9, zote zimeanza kwa vidole na kukazwa kwa mshazari. Kengele ya multimita kwenye pini ya 10, kimya. Kiwaya cha PWR SW hakijali kimegeuzwa vipi. Viwaya vya taa vinajali, na taa isiyowaka inageuzwa tu. Mashine iliwashwa mara moja kabla nyaya hazijapangwa na kufungwa nyuma ya bati, kwa sababu kuzifungua tena ni adha.

Kasi ya ramu ilikuwa 2666 mpaka XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa ramu kasi iliyotangaziwa, ilipowashwa, ndipo ikafika 3200. Hatua hii iwe ya mwisho siku zote. Ukiiwasha mapema na mashine ikagoma, umejiongezea mshukiwa. MemTest86, programu ya kupima ramu, iliachwa ipite ramu zote usiku, bila kosa hata moja.

Kilibaki kitu kimoja cha kukaguliwa: ile soketi ya feni ambayo pini yake ya pili iligusa mguu wa shaba. Njia nyembamba ya shaba ndani ya ubao inaweza kuungua kwa shoti ya namna hiyo na ukaja kugundua miezi baadaye, feni ya kasha imesimama na joto limepanda. Feni ilichomekwa hapo, ikazunguka. Ncha ya multimita kwenye pini ya pili ilisoma volti 12.1, sawa na pawa saplai ilipokuwa peke yake mezani. Pawa saplai ilikuwa imejifunga kwa wakati.